Rekodi za matamasha ya Queen

Rekodi za matamasha ya Queen ni rekodi za sauti na video zilizofanywa wakati bendi ya muziki wa roki ya Queen, kutoka Uingereza, ilipokuwa ikipiga mbele ya watazamaji. Rekodi zinazothaminiwa zaidi ni za kipindi cha kuanzia 1970 hadi 1986, wakati mwimbaji mkuu alipokuwa Freddie Mercury. Baadhi zilitolewa rasmi na bendi yenyewe. Nyingine zilifanywa na vituo vya redio na televisheni. Nyingine nyingi zilifanywa na mashabiki kwa vinasa sauti vilivyofichwa ndani ya makoti na mikoba.

Mercury alipanda jukwaani na Queen kwa ziara ya mwisho mwaka 1986 na kufariki tarehe 24 Novemba 1991. Tangu hapo rekodi hizo zimekuwa njia pekee ya kumsikia jinsi alivyoimba mbele ya watu. Kwa sababu hiyo mashabiki huzikusanya, huzilinganisha na kuzibishania sana: ni usiku gani aliimba vizuri zaidi, ni rekodi ipi imehaririwa, na ni ipi inayoonyesha jambo lililotokea kweli.

## Bendi na mwimbaji wake

Queen iliundwa mjini London mwaka 1970 na Freddie Mercury (sauti na piano), Brian May (gita) na Roger Taylor (ngoma). John Deacon (gita la besi) alijiunga mwaka 1971. Wanne hao hawakubadilika hadi kifo cha Mercury.

Mercury alizaliwa kwa jina la Farrokh Bulsara tarehe 5 Septemba 1946 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi wenye asili ya Uhindi na wafuasi wa dini ya Uzoroasta. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni ya Waingereza. Akiwa mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, Uhindi, ambako alijifunza piano na kupiga katika bendi ya wanafunzi. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia ilihamia Uingereza.

Kabla ya Queen, Mercury aliimba katika bendi ndogo iliyoitwa Ibex. Tamasha moja la bendi hiyo mjini Liverpool, mwezi Septemba 1969, lilirekodiwa kwa kinasa sauti cha kawaida na mtu aliyekuwa karibu na bendi. Sauti kwenye kanda hiyo ni hafifu, lakini ni miongoni mwa kumbukumbu za awali kabisa za Mercury akiwa jukwaani. Kwa hiyo historia ya rekodi zake inaanza na kanda ya mtu binafsi, si ya kampuni ya muziki.

## Tofauti kati ya studio na jukwaa

Queen ilijulikana kwa kazi yake ya studio. Katika wimbo *Bohemian Rhapsody* (1975) sauti za Mercury, May na Taylor zilirekodiwa tena na tena na kupangwa juu ya nyingine mpaka zikasikika kama kwaya kubwa. Watu wanne hawawezi kufanya hivyo jukwaani. Suluhisho lao lilikuwa kutoka jukwaani sehemu ya opera inapofika, kuacha kanda ya studio ipigwe huku taa zikicheza, kisha kurudi kwa kishindo sehemu ya roki inapoanza. Hivyo katika rekodi nyingi za matamasha wimbo huo una vipande viwili vilivyopigwa mbele ya watu na kimoja kilichotoka kwenye kanda.

Nyimbo nyingine zilibadilika zaidi zilipofika jukwaani:

* *We Will Rock You* katika studio ni makofi, vishindo vya miguu na sauti, na gita huingia mwishoni tu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 bendi ilikuwa ikifungua matamasha kwa toleo la kasi lenye ngoma na gita tangu mwanzo.
* *Love of My Life* katika studio una piano na kinubi. Jukwaani ulibaki na gita moja la May na sauti ya Mercury, na mara nyingi Mercury alinyamaza akawaachia watazamaji waimbe.
* Katikati ya tamasha Mercury alikuwa na kipindi cha kubuni sauti papo kwa papo: yeye huimba kifungu kifupi, watazamaji hukirudia, naye huongeza ugumu hatua kwa hatua.

Jambo hili la kuitika halikutokea kwa bahati. Brian May ameeleza mara kadhaa kwamba baada ya tamasha moja katika ukumbi wa Bingley Hall, Stafford, mwaka 1977, watazamaji hawakuondoka bali waliendelea kuimba wenyewe. Wanabendi waliguswa wakaamua kutunga nyimbo ambazo watazamaji wangekuwa sehemu yake. Matokeo yalikuwa *We Will Rock You* ya May na *We Are the Champions* ya Mercury, zote za mwaka huohuo. Ndiyo sababu shabiki anayesikiliza rekodi ya tamasha la Queen husikiliza pia umati. Wimbo hukamilika pale watu wanapoitika.

## Sauti ya Mercury jukwaani

Rekodi za matamasha zinaonyesha kwamba Mercury hakuimba jukwaani kama alivyoimba studio. Mara nyingi alikwepa noti za juu kabisa na kuziimba chini zaidi, na pengine alimwachia Taylor, mwenye sauti ya juu sana, azishike. Alikuwa na tatizo la vinundu kwenye nyuzi za sauti. Mwaka 1975 baadhi ya matamasha ya ziara ya Marekani yalifutwa kwa sababu ya koo lake. Ratiba ya ziara, yenye matamasha mengi katika muda mfupi, iliongeza mzigo huo.

Mwezi Oktoba 1984 jambo hilo lilijitokeza tena huko Sun City, katika eneo la Bophuthatswana nchini Afrika Kusini. Mercury alipoteza sauti na baadhi ya matamasha yakafutwa. Safari hiyo, ambayo ndiyo pekee iliyoileta Queen ya Mercury kupiga muziki barani Afrika, ililaumiwa sana, kwa kuwa Umoja wa Mataifa ulikuwa umetaka wasanii waisusie Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliitoza bendi faini.

Mwaka 2016 kundi la watafiti wa sauti wa Ulaya lilichapisha uchunguzi kuhusu sauti ya Mercury kwa kutumia rekodi zake. Walipima mahojiano yake na kukuta kwamba sauti yake ya kuzungumza ilikuwa karibu na hezi 117. Kiwango hicho kinaelekeza kwamba kwa maumbile alikuwa baritoni, ingawa watu wengi walimfikiria kuwa tena. Mtetemo wa sauti yake ulikuwa wa kasi kuliko kawaida, karibu mara saba kwa sekunde.

Kwa mashabiki wengi, matokeo ya namna hii yanasaidia kueleza kile wanachokisikia. Noti iliyoshushwa si kasoro tu. Inaonyesha mwimbaji anayepima nguvu zake usiku ule, akijua kwamba kesho ana tamasha jingine. Anayelinganisha rekodi za siku mbili zinazofuatana husikia uamuzi huo ukifanyika.

## Rekodi rasmi

### Live Killers (1979)

Albamu ya kwanza rasmi ya tamasha la Queen, *Live Killers*, ilitolewa mwezi Juni 1979 ikiwa na santuri mbili. Ilirekodiwa katika ziara ya Ulaya kati ya Januari na Machi mwaka huo. Haikuwa tamasha moja, bali nyimbo zilizochaguliwa kutoka miji mbalimbali na kuunganishwa kana kwamba zilipigwa usiku mmoja.

Kabla ya hapo bendi ilikuwa imewahi kurekodi tamasha kwa nia ya kulitoa. Tamasha la tarehe 31 Machi 1974 katika ukumbi wa Rainbow, London, lilikusudiwa kuwa albamu, lakini mpango huo uliachwa. Mashabiki walisubiri miaka 40. *Live at the Rainbow '74*, yenye tamasha hilo na yale ya Novemba 1974, ilitolewa mwaka 2014.

### Live Magic (1986)

*Live Magic* ilitolewa mwezi Desemba 1986, miezi michache baada ya ziara iliyoitwa Magic Tour. Ina nyimbo kutoka Wembley, Budapest na Knebworth. Ili zienee katika santuri moja, nyimbo kadhaa zilifupishwa. Katika *Bohemian Rhapsody* sehemu yote ya opera iliondolewa. Albamu hii iliuzwa vizuri, lakini miongoni mwa wakusanyaji ndiyo inayolalamikiwa zaidi.

### Live at Wembley '86 (1992)

Queen ilipiga katika uwanja wa Wembley, London, tarehe 11 na 12 Julai 1986. Usiku wa kwanza ulikuwa wa mvua. Tamasha la pili, la Jumamosi, lilitolewa kwanza kama video na mwaka 1992, miezi sita baada ya kifo cha Mercury, likatoka kama albamu ya CD mbili. Kwa kuwa ilifuata msiba, wengi waliipokea kama buriani. Katika rekodi hiyo Mercury anawaambia watazamaji kwamba uvumi kuwa bendi inataka kuvunjika si wa kweli. Maneno hayo yalisemwa kwa mzaha na ukali kidogo mwaka 1986. Kwa waliyoyasikia mwaka 1992 yalikuwa na uzito mwingine.

### Matoleo ya baadaye

Kuanzia miaka ya 2000 bendi na kampuni zake zilianza kutoa matamasha mazima badala ya vipande. Miongoni mwake ni tamasha la Milton Keynes la Juni 1982, lile la Montreal la Novemba 1981, lile la Budapest la Julai 1986 na lile la mkesha wa Krismasi 1975 katika ukumbi wa Hammersmith Odeon. Filamu ya Montreal ilirudi kwenye sinema za IMAX mwezi Januari 2024, na watazamaji wengi waliokwenda kuiona hawakuwa wamezaliwa iliporekodiwa.

## Rekodi za magendo

Rekodi ya magendo ni ile inayofanywa au kusambazwa bila idhini ya msanii. Kwa Queen, kama kwa bendi nyingine kubwa za roki za wakati huo, kulikuwa na vyanzo vitatu:

1. Rekodi za watazamaji. Shabiki aliingia na kinasa sauti cha kaseti na kipaza sauti kidogo. Ubora ulitegemea mahali alipokaa, aina ya mashine na jirani zake. Katika rekodi nyingi anasikika mtu wa kiti cha pili akiimba kuliko Mercury.
2. Rekodi za redio na televisheni. Msikilizaji alirekodi matangazo nyumbani. Tamasha la Hammersmith Odeon la tarehe 24 Desemba 1975 lilitangazwa na BBC na kwa miaka 40 lilizunguka duniani kwa njia hii, kabla ya kutolewa rasmi mwaka 2015.
3. Rekodi za meza ya sauti. Hizi zilichukuliwa moja kwa moja kutoka mitambo ya kuchanganyia sauti. Sauti ni safi, lakini umati husikika kwa mbali, na mara nyingi kanda hizo zilivuja kutoka kwa watu waliofanya kazi katika ziara.

Kanda hizi zilisambaa kwa njia mbili. Kulikuwa na wafanyabiashara waliochapa santuri bila jina la kampuni na kuziuza kwa bei kubwa bila kumlipa msanii. Kulikuwa pia na mashabiki waliobadilishana kwa posta: kila mmoja alikuwa na orodha ya kanda zake, na aliyetaka tamasha fulani alituma nakala ya jingine. Wengi katika kundi hili la pili waliona kuuza kanda ni aibu.

Kunakili kaseti kulikuwa na gharama yake. Kila nakala ilipoteza ubora kidogo na kuongeza mvumo, hivyo wakusanyaji walihesabu vizazi: nakala ya kwanza kutoka kanda asilia, nakala ya nakala, na kuendelea. Mashine nyingine zilikwenda kasi au polepole kuliko ilivyopasa, na sauti ya Mercury ikapanda au kushuka. Baada ya kompyuta kuenea, mashabiki walianza kutafuta kanda za kizazi cha kwanza, kurekebisha kasi yake kwa kulinganisha na ufunguo halisi wa wimbo, na kuzihifadhi katika mafaili yasiyopoteza ubora.

Kazi hii imehifadhi mambo ambayo hayapo kwingine. Wimbo *Hangman*, ambao Queen iliupiga katika miaka yake ya mwanzo, haukuwahi kuwekwa katika albamu yoyote ya studio. Kwa muda mrefu ulijulikana kwa rekodi za mashabiki tu. Ndivyo ilivyo pia kwa mazungumzo ya Mercury na watazamaji, nyimbo zilizokosewa na kuanzishwa upya, na matamasha ya miji midogo ambayo hakuna kampuni iliyoyarekodi.

### Msimamo wa bendi

Kisheria, kurekodi na kusambaza tamasha bila ruhusa ni kukiuka haki za msanii, na hasara kubwa ilitokana na wale waliouza. Hata hivyo mwaka 2004 Queen ilifanya jambo lisilo la kawaida. Kupitia tovuti yake ilianza kuwauzia mashabiki nakala za kupakua za rekodi 100 za magendo zilizochaguliwa kati ya zile zilizokuwa zikizunguka. Kwa hatua hiyo bendi ilikiri kwamba mashabiki walikuwa wamehifadhi sehemu ya historia yake. Wakati huohuo iliwapunguzia wafanyabiashara wa magendo wateja.

## Live Aid

Tarehe 13 Julai 1985 Queen ilishiriki katika Live Aid, matamasha mawili yaliyofanyika siku moja London na Philadelphia ili kuchangisha fedha kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Katika uwanja wa Wembley walikuwapo watu wapatao 72,000, na mamilioni walitazama televisheni katika nchi nyingi. Queen ilipewa muda wa dakika 20 hivi. Ilipiga nyimbo sita, baadhi zikiwa zimefupishwa, bila mapambo ya jukwaa iliyoyazoea na kukiwa bado na mwanga wa jua.

Matukio mawili ya dakika hizo hutajwa daima. La kwanza ni maelfu ya mikono iliyopiga makofi kwa pamoja wakati wa *Radio Ga Ga*. La pili ni Mercury akiimba vifungu bila ala yoyote, na uwanja mzima ukivirudia, hadi alipotoa sauti moja ndefu aliyoishikilia peke yake.

Live Aid haikukusudiwa kuuzwa baadaye kama rekodi. Kwa hiyo kwa karibu miaka 20 watu waliitazama kupitia kanda za video walizorekodi nyumbani. DVD rasmi ilitolewa mwaka 2004. Sauti ya Queen kutoka tamasha hilo ilitolewa kwa mara ya kwanza katika albamu mwaka 2018, pamoja na filamu *Bohemian Rhapsody*.

Filamu hiyo, ambayo Rami Malek alishinda tuzo ya Oscar kwa kuigiza nafasi ya Mercury, inaishia kwenye Live Aid iliyoigizwa upya hatua kwa hatua. Sauti inayosikika hapo ni ya rekodi ya 1985. Iliwaletea Queen kizazi kipya cha mashabiki, lakini pia ilizua mabishano. Katika filamu Mercury anawaambia wenzake kuhusu ugonjwa wake kabla ya Live Aid, ilhali kwa kawaida inaelezwa kwamba aligunduliwa kuwa na virusi vya UKIMWI mwaka 1987. Mashabiki wa zamani walisema kwamba dakika zile hazihitaji kuelezwa kwa ugonjwa. Alikuwa mtu mzima wa afya aliyekuwa akifanya kazi aliyoijua.

## Tamasha la mwisho

Magic Tour ilianza Stockholm tarehe 7 Juni 1986. Tarehe 27 Julai Queen ilipiga mjini Budapest, Hungaria, wakati nchi hiyo ikiwa bado chini ya utawala wa kikomunisti. Hapo Mercury aliimba kipande cha wimbo wa jadi wa Kihungaria huku akisoma maneno aliyoyaandika kwenye kiganja. Tamasha lilirekodiwa na wapiga filamu wa Hungaria, na katika filamu hiyo anaonekana akiuangalia mkono wake bila kujificha.

Ziara iliisha tarehe 9 Agosti 1986 katika bustani ya Knebworth, Uingereza, mbele ya watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 120,000. Hakuna aliyejua kwamba lilikuwa tamasha la mwisho la Queen pamoja na Mercury. Sehemu ya rekodi ya usiku huo imo katika *Live Magic*. Anayetaka kulisikia tamasha zima hutegemea hasa kanda za waliokuwa katika umati. Hivyo hata mwisho wa safari, kama mwanzo wake Liverpool mwaka 1969, umehifadhiwa kwa kiasi kikubwa na kinasa sauti cha mtu wa kawaida.

Mercury aliutangazia umma kwamba ana UKIMWI tarehe 23 Novemba 1991 na kufariki siku iliyofuata nyumbani kwake London, akiwa na umri wa miaka 45.

## Mabishano kuhusu ukweli wa rekodi

Albamu ya tamasha hutengenezwa. Mtayarishaji huchagua usiku, hukata mazungumzo, huchanganya sauti, na pengine huunganisha vipande vya siku tofauti. Kwa msikilizaji wa kawaida hilo si tatizo. Kwa shabiki anayetafuta kumsikia Mercury wa usiku fulani, ni swali la msingi.

Hapa rekodi za magendo zimepata kazi nyingine, yaani kuwa ushahidi. Mashabiki wamelinganisha *Live Killers* na kanda za watazamaji za ziara ya 1979, wakatafuta wimbo upi ulitoka mji upi na mahali vipande vilipounganishwa. Kwa Montreal wameonyesha kwamba filamu imejengwa kutokana na usiku mbili. Kanda yenye sauti mbaya, iliyorekodiwa bila kukatwa kutoka mwanzo hadi mwisho, husema kilichotokea. Albamu yenye sauti nzuri husema kile ambacho bendi ilitaka kibaki.

Kuna wanaotetea uhariri. Wanasema kwamba msanii ana haki ya kuchagua kazi yake itakavyosikika, na kwamba Mercury mwenyewe alijali sana ubora. Wengine hujibu kwamba marehemu hawezi tena kuulizwa, na kwa hiyo njia ya heshima zaidi ni kuacha tamasha lilivyokuwa, pamoja na noti zilizokosewa. Matoleo ya karibuni, yenye matamasha mazima, yameelekea upande huu wa pili.

## Baada ya Mercury

Tarehe 20 Aprili 1992 wanabendi watatu waliobaki waliandaa tamasha la kumkumbuka katika uwanja wa Wembley, ambapo wasanii mbalimbali waliimba sehemu yake. George Michael alisifiwa sana kwa kuimba *Somebody to Love*. Mapato yalisaidia kuanzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust unaopambana na UKIMWI duniani.

John Deacon alistaafu muziki mwishoni mwa miaka ya 1990. May na Taylor walifanya ziara na Paul Rodgers kuanzia 2005, kisha na Adam Lambert, Mmarekani aliyejulikana kupitia shindano la televisheni la mwaka 2009. Katika mipango yote miwili jina la mwimbaji mpya liliongezwa baada ya jina la bendi, ili isionekane kwamba nafasi ya Mercury imejazwa. Albamu ya matamasha pamoja na Lambert, *Live Around the World* (2020), ilishika nafasi ya kwanza Uingereza.

Hata hivyo rekodi za zamani zimebaki sehemu ya matamasha mapya. May anapopiga *Love of My Life* kwa gita lake, watazamaji huimba, na mwishoni picha ya Mercury hutokea kwenye skrini akiimba mistari iliyobaki. Wanaoitika leo wanaitikia sauti iliyorekodiwa miongo kadhaa iliyopita.

## Zanzibar

Queen haikuwahi kupiga tamasha Zanzibar, na hakuna rekodi ya Mercury akiimba katika kisiwa alichozaliwa. Wageni wengi hutafuta nyumba zinazohusishwa na familia ya Bulsara katika Mji Mkongwe. Mwaka 2019 makumbusho yenye jina lake ilifunguliwa mtaa wa Shangani. Humo kuna picha na maelezo ya maisha yake, kuanzia utoto wa Unguja hadi majukwaa ya Ulaya na Marekani.

## Orodha ya rekodi rasmi zilizochaguliwa

* *Live Killers*: ziara ya Ulaya, Januari–Machi 1979, ilitolewa 1979
* *Live Magic*: Wembley, Budapest na Knebworth, 1986, ilitolewa 1986
* *Live at Wembley '86*: London, 12 Julai 1986; ilitolewa 1992
* *Queen on Fire – Live at the Bowl*: Milton Keynes, 5 Juni 1982, ilitolewa 2004
* *Queen Rock Montreal*: Montreal, 24 na 25 Novemba 1981, ilitolewa 2007
* *Hungarian Rhapsody*: Budapest, 27 Julai 1986; ilitolewa 2012
* *Live at the Rainbow '74*: London, Machi na Novemba 1974, ilitolewa 2014
* *A Night at the Odeon*: London, 24 Desemba 1975, ilitolewa 2015